Beji ya vita ya babu: ni mali, ni kumbukumbu au ni mtego?

Msikilizaji mmoja wa Kishapu alituletea picha kwa simu. Kwenye sanduku la marehemu babu yake amekuta nyota ya shaba na kipande cha kitambaa chenye kichwa cha kifaru. Dalali kutoka mjini amemwambia vina thamani ya mamilioni, ila kwanza atoe hela ya "vipimo". Swali lake: je, ni vya kweli?

Tuanze na vitu vyenyewe. Maelfu ya Watanganyika, wakiwemo vijana wa Usukumani, walipigana upande wa Waingereza katika Vita vya Pili vya Dunia wakiwa ndani ya jeshi la King's African Rifles, yaani KAR. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Burma kupigana na Wajapani, na alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru.

Nyota ni nishani rasmi. Ilitolewa na serikali na ina herufi GRI VI za Mfalme George wa Sita. Lakini nishani hizo zilitolewa kwa wingi mno duniani, na zile za askari wa Uingereza na wa KAR hazikuchongwa majina. Kwa hiyo hata nyota halisi, ikiwa peke yake, haisemi ilikuwa ya nani, wala haina bei ya kununulia shamba.

Beji ya kitambaa ina mambo mengine. Nyingi za aina hiyo zilishonwa na mafundi wa kawaida huko huko vitani, hasa India, kwa uzi na kitambaa kilichopatikana. Kila fundi alishona kwa mkono wake. Ndiyo maana beji mbili za divisheni moja zinaweza kutofautiana na zote zikawa halali. Hapo ndipo tapeli anapopata mwanya: kama hakuna mfano mmoja, hata ya juzi anaweza kusema ni ya 1944.

Wakusanyaji huanza kwa kuangalia nyuma ya beji: mishono, uchakavu na alama za kubanduliwa kwenye sare. Wengine humulika kwa taa kama ile ya kukagulia noti bandia, kwa sababu nyuzi nyingi za kisasa hung'aa. Lakini hata hilo si jibu la mwisho. Kitambaa cha zamani kilichofuliwa kwa sabuni ya unga ya leo nacho kinaweza kung'aa.

Watu wa Geita na Kahama watasema: tupime kwa tindikali. Tindikali inakwambia ni madini gani, haikwambii historia yake. Mfano ni sarafu ya dhahabu ya rupia 15 ambayo Wajerumani waliitengeneza Tabora mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Ina picha ya tembo, uzito wake ni gramu 7 na kidogo, na dhahabu yake ni karati 18. Zilitengenezwa zaidi kidogo ya 16,000 tu, ndiyo maana zinatafutwa. Lakini mtu anaweza kuyeyusha dhahabu halisi akatengeneza sarafu bandia. Sonara atasema ni dhahabu, na bado umepigwa.

Tena kuna sheria. Vitu vya KAR ni vya jeshi ambalo halipo tena, lakini sare na alama za JWTZ ni jambo jingine kabisa. Agosti 2023 jeshi lilitoa siku saba kwa raia wenye sare zake au nguo zinazofanana nazo kuzisalimisha. Familia yenye sare iliyoachwa na askari wa Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 isiipeleke mnadani. Iende ikaulize kwenye kambi ya jeshi au kituo cha polisi.

Basi, ufanye nini? Usisugue kwa majivu wala limau. Ukiing'arisha unapunguza thamani. Piga picha mbele na nyuma. Tafuta cheti cha kuachishwa jeshi, barua au picha ya babu akiwa na sare, na uvihifadhi pamoja. Karatasi hizo ndizo zinazofanya kitambaa kisicho rasmi kiaminike. Waulize wazee wangali hai, uandike jina lake, kikosi chake na alikopigana.

Na anayetaka kununua ndiye anayetoa hela. Mnunuzi anayekudai wewe ada ya vipimo, usafiri au kibali hajaja kununua beji. Amekuja na hadithi ile ile ya "mali za Mjerumani" ambayo imeshamaliza ng'ombe za watu wengi.

Kijana wa Kishapu hajatoa hela. Kwenye sanduku lile lile ameona karatasi iliyokunjwa yenye jina la babu yake na namba yake ya jeshi. Hiyo dalali hakuiulizia hata kidogo.