SIRI YA DAKTARI SI MALI YA MNYAPARA



Mwenzetu mmoja alikatwa vidole viwili na mashine. Aliporudi kutoka hospitali alipewa karatasi atie sahihi, isemayo kwamba daktari atoe habari zake zote, hata za miaka ya nyuma. Alitia sahihi kwa kuwa alitaka fidia yake upesi. Juma la pili, watu wa zamu ya usiku walikuwa wakizungumza habari za ugonjwa wake mwingine, usiohusu vidole hata kidogo. Mwenzetu aliona haya, akaacha kufuata fidia. Hasara hiyo ni ya nani?

Twasema wazi kwamba tajiri ana haki ya kujua habari za ajali. Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi twaiita WIBA, yamtaka apeleke ripoti serikalini katika siku 7 baada ya kuarifiwa, na katika saa 24 kama mtu amekufa. Tena aliyeumia aweza kutakiwa apimwe na daktari. Basi asidhani mtu kwamba kuficha jeraha ndiko kulinda siri. Ajali iripotiwe siku ile ile, na madai yapelekwe kabla ya miezi 12 kupita.

Lakini kujua habari za kidole si kujua habari za mwili mzima. Yapasayo kujulikana ni haya: jeraha ni gani, lilipatikanaje, mtu apumzike siku ngapi, aweza kufanya kazi gani, na ulemavu wake ni wa kadiri gani. Mengine ni ya mgonjwa na daktari wake. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, yakataza mambo ya siri ya mtu na jamaa yake kutakwa au kutangazwa pasipo lazima. Sheria ya kulinda habari za watu ya 2019 yahesabu habari za afya kuwa nyeti. Na sheria ya ukimwi ya 2006 yakataza kumlazimisha mtu apimwe virusi ili apate kazi au abaki kazini.

Kwa hiyo, ukiletewa karatasi, usitie sahihi ukiwa na maumivu au haraka. Isome, au usomewe na mtu unayemwamini. Uliza nani ataiona na kwa sababu gani. Ikiwa yasema "habari zote", taka iandikwe "habari za jeraha hili". Shika nakala yako. Ukishurutishwa, mwite mjumbe wa chama. Siri ikiisha kutolewa, yako Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Habari za Watu, nayo hupokea malalamiko.

Na sisi wenyewe tujikosoe. Siri ya mwenzetu haikutembea peke yake kutoka ofisini hadi zamu ya usiku. Ilibebwa na vinywa vyetu. Mjumbe wa chama naye asifungue faili ya mwanachama bila ruhusa yake.

Twataka kila tawi lizungumze jambo hili katika mkutano ujao, na katika mapatano mapya na matajiri iandikwe kwamba karatasi za daktari zitafungiwa, wala hazitapita mikononi mwa mnyapara. Aliyepoteza vidole asipoteze na heshima yake.