Mitishamba Nayo Ni Dawa

Kuna kauli iliyozoeleka mno sokoni, kwenye vituo vya mabasi na hata katika maduka ya dawa: kwamba dawa ya miti haiwezi kumdhuru mtu kwa kuwa ni kitu cha asili. Siikubali kauli hiyo, wala sababu yangu si dharau kwa tiba za wahenga wetu. Naikataa kwa kuwa inawanyima wagonjwa habari wanayoihitaji.

Natoa mfano wa mchele mwekundu wa Kichina, yaani mchele uliochachushwa kwa kuvu. Huuzwa katika vidonge, kwa ahadi ya kupunguza lehemu katika damu, ile ambayo wengi huiita kolesteroli. Ahadi yenyewe si ya uongo. Mchele huo huweza kuwa na monakolini K, na monakolini K ndiyo hiyo hiyo lovastatini, dawa ya hospitali iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987. Basi mwalimu aliyeandikiwa statini na daktari, kisha akajiongezea vidonge vya mchele huo ili apone upesi, hakuchanganya dawa na chakula. Amemeza dawa mbili za jamii moja, na ya pili hajui kipimo chake, maana kiasi cha monakolini hutofautiana sana baina ya chupa na chupa. Kinachoogopwa ni kuharibika kwa misuli, ambayo ikivunjika kupita kiasi huweza kuziangusha figo.

Si lazima mmea ufanane na dawa ndipo uzozane nayo. Simvastatini huvunjwa na kimeng'enya kilichomo katika utumbo na ini. Maji ya balungi hukizuia kimeng'enya hicho utumboni, nayo dawa ikarundikana katika damu. Mmea wa Hypericum perforatum, unaotumiwa na watu wenye huzuni sugu, hufanya kinyume: hukichochea, dawa ikapungua, mgonjwa akadhani analindwa ilhali halindwi. (Mwalimu wa biolojia aliyechoka na mfano wa mate na wanga, huu hapa mwingine.)

Umoja wa Ulaya ulitoa kanuni mwaka 2022: monakolini za mchele huo ziwe chini ya miligramu 3 kwa siku, na chupa imwonye anayetumia dawa za kupunguza lehemu asiuguse. Kwetu, Sheria ya Afya ya 2017 ilizitambua tiba za kiasili, na hata ikataka pawe na mwongozo wa kuwapeleka wagonjwa kutoka kwa waganga hadi hospitalini. Hiyo ni hatua njema. Hata hivyo, mgonjwa ninayemzungumzia hatoki kwa mmoja akaenda kwa mwingine. Yuko kwa wote wawili kwa wakati mmoja, naye huficha.

Kwa nini afiche? Aghalabu kwa sababu anajua atakemewa. Daktari anayeuliza kwa kejeli, "Umekunywa miti tena?" hujibiwa "La," na hapo ndipo matibabu yanapoharibika. Swali hilo na liulizwe kwa heshima, kila mara, kama linavyoulizwa lile la shinikizo la damu. Wauzaji nao walazimishwe kuandika kilichomo katika chupa zao, na kiasi chake. Nawe msomaji unayemeza statini, usiziache ghafla kwa kusoma makala haya. Ichukue ile chupa ya mitishamba uende nayo kliniki, uiweke juu ya meza ya daktari.