Chumba cha Kulala na Fedha za Kahawa





Malipo ya kahawa yakishaingia, wengi wetu husafiri kwenda Dar es Salaam. Huyu anampeleka mgonjwa Muhimbili, yule anafuata mabati na bidhaa za duka Kariakoo. Ni safari ya takribani kilometa 1,000, na tunaposhuka Mbezi Luis tumechoka. Hapo mtu hukubali chumba cha kwanza anachoonyeshwa, naye haulizi neno isipokuwa bei. Kwa maoni yangu bei ingepaswa kuwa swali la pili. La kwanza ni hili: chini ya chumba hicho kuna nini?

Wenye hoteli za Las Vegas, katika jimbo la Nevada lililohalalisha kamari mwaka 1931, walilitambua jambo hili mapema. Kwa miaka mingi waliuza vyumba na chakula kwa bei ya chini, maana faida yao ilitoka kwenye meza za kamari. Na mgeni aliyetoka chumbani kwenda barabarani alipitishwa katikati ya mashine. Dar es Salaam nayo ina hoteli kubwa zenye kasino. Lakini mkulima wa Kitura halali huko. Yeye hulala gesti ya kawaida, na katika baa iliyo chini yake huenda ikawapo mashine ya dubwi inayomeza sarafu hadi usiku wa manane.

Nisieleweke vibaya. Kanisa halifundishi kwamba kila mchezo wa bahati ni dhambi. Mitume wenyewe walipiga kura akapatikana Mathia. Katekisimu, namba 2413, inaeleza kuwa mchezo wa namna hiyo haukubaliki pale unapomnyima mtu riziki yake na ya wale wanaomtegemea. Basi fedha za kahawa ni za nani? Mama aliyeichuma, akaimenya na kuianika hayupo pale baa. Mtoto anayesubiri ada hayupo. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inamzuia aliye chini ya miaka 18 asicheze. Haimzuii baba yake kuichezea ada ya mtoto huyo.

Wapo watakaosema: Padre, mwanamume mwenye imani hulala popote asianguke. Pengine. Wazee wetu Wamatengo hawakuuamini mlima kiasi hicho. Ngoro haizuii mvua kunyesha. Huzuia udongo usiondoke, na hakuna anayeichimba udongo ukiwa umeshafika mtoni.

Kwa hiyo uliza kabla ya kulipa: kuna baa? Kuna mashine? Ukijibiwa kwa kicheko, beba mzigo wako uende nyumba ya pili, hata kama inazidi kwa shilingi elfu chache. Fedha nyingi ziache benki, na hesabu yake mama aijue kabla hujapanda basi. (Simu nayo siku hizi hubeba kamari mfukoni, hilo tutalizungumza wiki nyingine.) Msimbazi Center, pale Ilala, na kituo cha Baraza la Maaskofu, Kurasini, hupokea wageni. Vyumba huweza kujaa, hivyo ulizia ukiwa bado Mbinga. Anayehitaji barua ya utambulisho aje ofisini baada ya Misa ya asubuhi, pamoja na mwenzi wake.