Mwendo wa Mama Mwenye Mzigo

Kila asubuhi katika barabara za Katuba na Kenya tunapishana na mama aliyejitwika beseni la mihogo, shingo imenyooka, mikono haigusi kitu. Wapo wanafunzi wamwonao kuwa mtu wa kale. Na wajue kwamba mwendo wake umewashughulisha mabingwa.

Mwaka 1986 Profesa Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi (nasema Kenya iliyo nchi, si mtaa wetu) pamoja na wenzake waliwapima akina mama Wajaluo, wabebao kichwani, na Wakikuyu, wabebao mgongoni kwa ukanda upitao pajini mwa uso. Walipima oksijeni iliyotumiwa na miili yao walipokuwa wakitembea. Ikaonekana kwamba mzigo usiozidi sehemu ya tano ya uzito wa mwili haukuwaongezea gharama yoyote. Mama wa kilo 60 aweza basi kuchukua kilo 12 kana kwamba hakuchukua kitu!

Sababu yake ilielezwa mwaka 1995 na wataalamu wa Milano na wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain, kile kilichozaa Lovanium ya Kinshasa mwaka 1954. Atembeaye hupanda juu ya mguu uliokanyaga, kisha hushuka mbele yake, na nguvu ya kushuka humsaidia kupanda tena, mfano wa uzito uyumbao ndani ya saa ya ukutani. Kwa njia hiyo huokoa karibu theluthi mbili ya nguvu. Iliyobaki hulipwa na misuli. Wale akina mama, wakiisha kutwikwa, walipoteza kidogo kuliko sisi. (Mkimbiaji ana njia nyingine: ukano wa kisigino hunyooka na kurudi kama mpira.)

Nani huongoza kazi hiyo? Mpigo wa hatua hutoka katika mishipa ya fahamu ya uti wa mgongo; ubongo huamuru kuanza na kusimama, nao ubongo mdogo wa nyuma, pamoja na sikio la ndani, hulinda usawa. Ndiyo maana mama huweza kusalimu na kupatana bei bila kumwaga tone. Lakini ni ufundi wa tangu utoto: asiyezoea hulipa tangu kilo ya kwanza.

Nanyi akina baba, msikimbilie kusema, “Amezoea.” Ndoo ya lita 20 ina kilo 20, yaani theluthi ya uzito wa mama yule wa kilo 60, na kila kilo ipitayo sehemu ya tano hulipwa. Tena uchunguzi uliotolewa mwaka 2010 juu ya wanawake Waxhosa wa Afrika Kusini haukuona nafuu ile kwa wengi wao, bali maumivu ya shingo yalitajwa. Na katika nyumba ngapi baiskeli imeegemea ukuta saa ileile mama anaporudi kutoka kisimani?