Kutunga Muziki kwa Filme ya Wengine: Kazi Bure?

Wenzetu wamoja wanasema: «Kwa nini kupoteza saa kutunga muziki wa orkestra kwa filme iliyo tayari na muziki wake? Nani atausikia?» Sisi tunajibu: si kazi bure hata kidogo.

Tuangalie mfano. Mwaka 1960 Alfred Hitchcock alitoa filme «Psycho». Pale mwanamke anapouawa akioga, yeye hakutaka muziki. Bernard Herrmann akatunga tu, kwa vyombo vya nyuzi peke yake, bila ngoma wala tarumbeta. Hitchcock aliposikia, akakubali. Picha zilikuwa zile zile, lakini woga ukawa mwingine kabisa!

Basi tujizoeze namna hii: tuzime sauti, tuhesabu sekunde. Kwa mapigo 60 kwa dakika, pigo moja ni sekunde moja. Kama mlango unafunguliwa kisha sekunde 20, muziki ugeuke kisha mapigo 20, pale pale. Picha haitungojei. Na mtu akisema neno kubwa, vyombo vinyamaze. Hapo ndipo mtungaji mwenye kujionyesha anajifunza kutumika.

Muziki huo hatutauuza, maana filme ina wenyewe. Lakini wanakwaya hawangoji siku ya sikukuu ndipo wajifunze kuimba. Asiye na orkestra aandike kwa sauti nne za kwaya. Wenzetu, tuanze!