Rubani Mgeni Katika Anga la Jirani

Wako watu ambao, wakisikia habari ya mtu kukodi ndege ndogo ili airushe mwenyewe katika mji wa ugenini, huidhania kuwa ni anasa ya matajiri isiyostahili nafasi katika gazeti la umma. Nawaomba wanivumilie kidogo, kwa sababu rubani anayetubeba leo kwenda Mafia au Kigoma, na yule anayemchukua mgonjwa mahututi kutoka kiwanja cha vumbi huko bara, aghalabu alianza kwa kukusanya saa zake moja moja katika ndege ya injini moja. Kanuni za kimataifa humtaka anayetafuta leseni ya biashara awe ameruka saa 200, au 150 ikiwa amefuata mafunzo ya mfululizo chuoni, na saa hizo hulipiwa kwa fedha taslimu. Basi jinsi tunavyompokea kijana anayekuja kuzitafuta katika anga letu ni jambo linalotuhusu sote.

Natutwae mfano ulio karibu nasi. Kijana aliyesomea urubani Tanzania, mwenye leseni halali ya kwao, anakwenda Nairobi kuwazuru jamaa zake. Na kwa kuwa Nairobi ina kiwanja cha Wilson, kilichopewa jina la Bibi Florence Kerr Wilson aliyeanzisha shirika lake la ndege mwaka 1929, na ambacho ndicho makao ya vyuo vya urubani na ya madaktari wa ndege wa AMREF, anaona amepata fursa njema. Anaikuta Cessna 172, ndege ya aina ile ile aliyojifunzia, usukani ule ule, vipimo vile vile. Tofauti aionayo kwa macho ni alama iliyoandikwa ubavuni, kwani ya kwao huanza kwa 5H na hii huanza kwa 5Y. Walakini alama hiyo ndiyo yenye hukumu. Mkataba wa Chicago wa tarehe 7 Desemba 1944, ulio msingi wa sheria za anga duniani, unasema katika ibara yake ya 32 kwamba rubani wa ndege iendayo safari za kimataifa awe na leseni iliyotolewa, au iliyothibitishwa, na dola iliyoisajili ndege hiyo. Na nchi nyingi zimeifuata kaida hiyo hata kwa ndege isiyovuka mpaka.

Sina ugomvi na asili ya sharti hili, maadam dola yenye dhamana ya ndege ina haki ya kumjua anayeishika. Ugomvi wangu ni kwamba twalitekeleza baina yetu, ndugu wa jumuiya moja, kana kwamba hatujapata kujuana. Nchi za Ulaya zimekwisha kuuacha mwendo huo: tangu kanuni zao za pamoja za leseni zilipoanza kutumika mwaka 2012, leseni iliyotolewa Lisbon kwa mujibu wa kanuni hizo ni halali kwa ndege iliyosajiliwa Ufaransa au Ujerumani, bila ya muhuri wa pili. Nasi hatukosi zana. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliunda mwaka 2007 wakala wake wa usalama wa usafiri wa anga, CASSOA, wenye makao Entebbe, na miongoni mwa kazi zake ni kuzioanisha kanuni za nchi wanachama. Mtihani ukiwa wa kiwango kimoja, na vipimo vya afya vikiwa vile vile, inabaki hoja gani ya kumfanya rubani wa Dar es Salaam au Kigali abebe bahasha ya nakala kutoka dirisha hadi dirisha, ilhali siku zake za likizo zinakwisha?

Atasimama mwenye hadhari aniambie kwamba ugumu wa karatasi ni ngao ya usalama. Ningalimwafiki lau karatasi zingalipima lile limdhurulo mgeni. Dar es Salaam iko karibu na usawa wa bahari, ilhali Wilson iko juu yake kwa futi 5,500 na zaidi. Kijana wetu amezoea, kabla ya kuruka, kukisukuma mbele hadi mwisho kile kishikio chekundu kinachotawala mafuta yanayochanganyika na hewa, kwani pwani ndivyo inavyotakiwa. Akifanya vivyo hivyo Wilson, penye hewa nyepesi, injini hupata mafuta kupita kadiri ya hewa iliyopo, ikakohoa na kupoteza nguvu, nazo nguvu zenyewe zimekwisha kupungua kwa takriban sehemu ya sita kwa sababu ya mwinuko. Joto la adhuhuri likifika nyuzi 25, ndege huwa kama inayopaa kutoka futi 8,000: mbio zake ardhini hurefuka, upandaji wake hulegea, na mwenye mazoea ya pwani huingiwa na wasiwasi akauvuta usukani mapema, pale ilipompasa kusubiri. Hakuna muhuri uwezao kuufundisha mkono wake kukirudisha nyuma kishikio kile, kidogo kidogo, huku akiisikiliza injini mpaka mngurumo wake unyooke. Hilo hufundishwa na mtu aliyeketi kiti cha pili.

Fauka ya hayo kuna msongamano. Tarehe 5 Machi 2024, juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi iliyopakana na Wilson, ndege ya mafunzo aina ya Cessna 172 iligongana na ndege ya abiria iliyokuwa imeruka kutoka kiwanja hicho hicho. Mkufunzi na mwanafunzi wake wakafariki dunia, Mungu awarehemu, na ile kubwa ikajaliwa kurejea na kutua salama. Ikiwa wanaoruka hapo siku zote huweza kufikwa na msiba kama huo, mgeni ana haja kubwa zaidi ya mwongozo. Kila mji una kaida zake: kule New York, anayefuata mto Hudson chini ya futi 1,300 hujitangaza mwenyewe redioni kila apitapo daraja au sanamu mashuhuri, na hushika ukingo ulio kuliani kwake, na kanuni hizo zilikazwa baada ya ndege ndogo na helikopta kugongana hapo tarehe 8 Agosti 2009, watu 9 wakafa.

Wazee wetu wa baharini walilifahamu jambo hili: nahodha mkongwe, akifika bandari yenye miamba asiyoijua, alimpandisha mwenyeji amwonyeshe mlango, wala hakuona heshima yake imeshuka. Marekani nayo, ikiisha kuihakiki leseni ya mgeni na kumpa ya kwao kwa msingi huo, humtaka bado apitiwe na mkufunzi, kwa muda usiopungua saa moja ya maelezo ardhini na saa moja angani, kabla hajaruka akiwa rubani mkuu. Hiyo ndiyo insafu.

Kwa hiyo wenye ndege za kukodisha wasiifanye saa ya mkufunzi kuwa ada tupu. Kumzungusha mgeni kiwanjani kwa kutua mara tatu, kisha kumkabidhi funguo kwa kuwa amelipa, si kumpima. Apelekwe katika njia za kutokea na kuingilia, aonyeshwe mawingu yanavyoifunika Milima ya Ngong, na apae mbele ya mkufunzi wakati wa joto. Kijana naye asione haya kuuliza ni kiasi gani cha hasara kitamwangukia yeye kabla ya bima kulipa, na kama mafuta yamo katika bei ya saa. Tena akinge kwa mkono wake mafuta kutoka chini ya bawa, katika kikombe kinachoonyesha, ayatazame mpaka aridhike kwamba ni ya samawati matupu na hapana tone la maji lililotuama chini, hata kama ameambiwa kwamba wengine wamekwisha kutazama.

Naziomba basi mamlaka za nchi zetu mambo mawili kwa pamoja, kwa kuwa moja bila ya jingine halifai: leseni ya mwanachama mmoja itambuliwe na wote kwa ndege ndogo zisizo za biashara, na sharti la mkufunzi wa mahali liandikwe katika kanuni, lenye saa zisizopunguzwa kwa ajili ya urafiki wala fedha. Ofisi ikimaliza kazi yake na rubani mgeni kwa asubuhi moja, na mkufunzi asimwachilie mpaka aridhike naye, tutakuwa tumeuweka uzito mahali panapookoa roho za watu.