Fundi, Niambie Ugonjwa Kabla ya Kuniuzia Dawa

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na wachache wenu mmeniuliza kama nimeacha kuandika programu nikarudi nyumbani kulima. Sijaacha. Nilikuwa garaji. Jumamosi tatu mfululizo nimekalia tairi kuukuu nikilitazama gari langu likiwa juu ya jeki, na leo nina maneno.

Gari lenyewe ni dogo, la Kijapani, la mwaka 2004, lenye pawa stelingi ya mafuta. Usukani ulianza kuwa mzito. Ukishakata kona haurudi katikati wenyewe, ni lazima uuvute. Kwenye barabara iliyonyooka gari likawa linatangatanga: unalirekebisha kidogo kushoto, linapitiliza, unalirudisha kulia, linapitiliza tena. Ukifika kazini mabega yanauma kama mtu aliyeshinda akibeba magunia.

Nikampelekea fundi. Hakuingia hata ndani ya gari. Alipitisha mkono dirishani, akauzungusha usukani mara mbili, akasema, "Mdosi, hii ni raki."

Dakika moja! Mimi nikipewa programu yenye hitilafu huchukua nusu saa kuelewa tu mteja analalamikia nini. Lakini alisema kwa uhakika, na uhakika una bei yake. Raki ya mtumba, shilingi 24,000. Kuifunga, 4,000. Alaimenti, 1,500. Nikatoka pale, usukani ni mzito vilevile. Nikarudi. "Basi ni pampu." Pampu 9,500, kazi 1,500. Jumla, jamani, ni shilingi 40,500, na usukani haujabadilika hata kidogo.

Katikati ya safari hizo za garaji nilimbeba mama yangu kwenda Naivasha kwenye mazishi. Tuliteremka ile miteremko ya Mai Mahiu, malori mbele na nyuma, mkono mmoja wa barabara ukuta wa mwamba na mwingine bonde. Mama alikuwa anasinzia. Mimi nilikuwa napigana na usukani nikijiambia kwamba raki mpya "bado inazoea". Shikeni hapo, nitarudi.

Rafiki akanielekeza kwa mzee mmoja mwenye kibanda kidogo cha mabati. Huyu hakutaja spea yoyote. Aliuliza maswali. Uzito ulianza lini? Ulikuja ghafla au polepole? Ni mzito gari likiwa limesimama tu, au hata likikimbia? Unarudi katikati? Halafu akasema atanitoza shilingi 1,500 za kuangalia.

Nami nikasema nini? Nikasema, "Mzee, za kuangalia tu?" Nikaomba apunguze. Aibu hiyo nayo shikeni, ndiyo sababu ya makala hii.

Aliinua magurudumu ya mbele hewani, injini ikiwa imezimwa, akanipa usukani nizungushe. Bado mzito. Kwa hiyo uzito wa gari si sababu, wala upepo mdogo kwenye matairi. Akafungua tairodi zote mbili, vile viungo vya mwisho vinavyounganisha raki na magurudumu. "Zungusha tena, kijana." Usukani ukazunguka kwa kidole kimoja. Hapo hapo, kwa spana mbili, raki, pampu na shafti ya usukani zikawa zimeachiliwa huru na mahakama. Zile 40,500 zangu zilikuwa zimefungia watu wasio na hatia.

Akashika gurudumu la kushoto kwa mikono miwili akaligeuza. Likageuka kama mlango. La kulia likakataa, likakwaruza. Akaweka kiganja kwenye springi ya shokabzoba ya kulia huku mimi nikisukuma gurudumu: springi ilizunguka taratibu bila kuruka, kwa hiyo beringi ya juu ilikuwa nzima. Ikabaki bolijointi ya chini. Mpira wake wa kufunika ulikuwa umechanika zamani, maji na vumbi vimeingia, grisi imeisha, chuma kimeshika kutu na kukwama. Bolijointi mpya 2,500, kazi 1,000. Jioni ile ile nilirudi nyumbani nikiendesha kwa vidole.

Mliosoma sayansi ya kompyuta mmeshatambua alichofanya mzee. Tulifundishwa mwaka wa kwanza: ukitafuta kitu kimoja kati ya 1,024 vilivyopangwa, kata katikati, tupa nusu, kata tena, na maswali 10 yanakufikisha. Yeye aliikata stelingi katikati kwenye tairodi. Kila jaribio lake liliondoa washukiwa kadhaa, na hakununua chochote mpaka akabaki na mmoja.

Sasa turudi Mai Mahiu. Raki ikichoka, mara nyingi hukupa onyo kwa kuvuja, kulegea au kuchosha mikono. Bolijointi ya chini ndiyo inayoshikilia gurudumu lisichomoke kwenye mkono wake. Ikikatika ukiwa kwenye mwendo, gurudumu linalala upande na usukani ulioshika unabaki pambo. Mimi niliteremka pale na mama yangu nikiwa na raki nyingine, risiti mfukoni, na hatari yenyewe haijaguswa. Kubahatisha kulinipotezea pesa, lakini kosa kubwa zaidi ni kwamba kulinipa imani ya uongo.

Je, fundi wa kwanza ni mwizi? Hapana, na hapa najua wengi hamtakubaliana nami. Tazameni anavyolipwa. Akikaa saa nzima chini ya gari akifikiri, akagundua ni bolijointi ya 2,500, anapata buku moja ya kazi. Akisema raki, anapata nne. Akikosea, anasema pampu na kulipwa tena. Ile saa ya kufikiri hakuna anayemlipa, na akiithubutu kuitaja, mteja anamwuliza, "Za kuangalia tu?" Mteja huyo ni mimi. Nilitoa 40,500 za vyuma bila kubisha, nikabishania 1,500 za akili. Tumewafundisha mafundi wetu kwamba kufikiri ni bure na vyuma ndivyo kazi, kisha tunashangaa wakituuzia vyuma.

Nami hulilia jambo hilo hilo kazini! Mteja mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini namtoza siku mbili ilhali nimebadilisha mstari mmoja tu. Nilikasirika wiki nzima. Na nikiwa mkweli, wangapi kati yetu seva ikigoma huizima na kuiwasha, kisha huandika "imetatuliwa"? Hiyo ndiyo raki yetu.

Mtanijibu: siku hizi kuna mashine, unachomeka tu, inakusomea ugonjwa. Kwanza, stelingi ya mafuta kama yangu haikuwa na msimbo wowote wa kusoma. Kutu haitumi ujumbe. Pili, hata kwenye magari ya stelingi ya umeme, vile vifaa vya bei rahisi vinavyounganishwa na simu mara nyingi husoma injini tu, ambako misimbo huanza na P. Ya stelingi huwa upande wa C. Tatu, msimbo ni dalili. Ukisema kihisi cha nguvu ya usukani hakieleweki, huenda ni kihisi, huenda ni waya, huenda ni soketi iliyolegea. Betri dhaifu pekee inaweza kuifanya kompyuta ipunguze msaada wa usukani au iukate kabisa. Pima volti kwanza: karibu 12.6 gari likiwa limezimwa, na kati ya 13.5 na 14.5 injini ikinguruma. Hiyo ni kazi ya dakika mbili, kabla mtu hajakuuzia stelingi nzima.

Mtanijibu tena: mwananchi hana pesa za uchunguzi. Basi haya hapa ni ya bure au karibu na bure:

1. Gari linavuta upande mmoja. Sawazisha upepo wa matairi. Kumbuka barabara zetu huinama kushoto ili maji yatoke, kwa hiyo jaribu mahali tambarare. Kisha badilishana tairi za mbele, ya kushoto iende kulia. Mvuto ukihama nao, ugonjwa ni tairi. Likivuta ukikanyaga breki tu, angalia breki.

2. Usukani unatetemeka kwenye kasi ya 80 hadi 100 halafu unatulia ukipunguza: anza na balansi ya magurudumu. Unatetemeka ukifunga breki tu: diski.

3. Usukani una mchezo. Gari likiwa chini, injini imezimwa, mtu autikise usukani kidogo kushoto na kulia huku wewe umeweka kiganja kwenye kila kiungo kimoja kimoja. Kilicholegea kitakugonga mkononi.

4. Mafuta ya stelingi yamepungua. Yamevuja, hayakuliwa. Tafuta yanakotokea. Na tafadhali usiongeze mafuta ya breki, yataharibu mipira ya ndani. Soma kifuniko au kitabu cha gari.

5. Alaimenti iwe ya mwisho. Kuipima gari yenye kiungo kilicholegea ni kumpima nguo mtoto anayekimbia.

Msimamo wangu ni huu. Mafundi, andikeni bei ya uchunguzi ukutani, peke yake, mbali na spea. Wateja, ilipeni bila kunung'unika, hata kama jibu ni "ongeza upepo". Na kabla spea yoyote haijanunuliwa, ulizeni swali moja: "Umejuaje?" Fundi anayejua atakuonyesha kwa mkono wako mwenyewe. Asiyejua atakasirika, na hasira yake ni jibu tosha.

Mzee nilimlipa 1,500 zake kamili, bila kupunguza.

Halafu nikaenda kwa yule wa kwanza kuulizia raki yangu ya zamani, ambayo sasa najua haikuwa na ugonjwa wowote. Nilikuwa nimeiacha pale sakafuni. Akaniambia imeshauzwa. Nikauliza kwa nani. Akasema kuna jamaa alikuja, usukani wake ulikuwa mzito.